Alama kwenye Mdeki

Kitendawili: mgeni wangu huingia kwa kubembelezwa,
hutoka kwa kufukuzwa.
Ni risasi ya gobore. Aliyenifunza kuibembeleza
ni Orrin Haslett, babu mzaa mama,
mwenye vidole vitatu mkono wa kushoto
na karakana nyuma ya kanisa, mjini Salmon, Idaho,
ambako theluji haingoji mwaliko.

Alinitandazia tatu juu ya gunia.
Ya kwanza goroli. Nzuri kwa kulungu, akasema,
lakini wapiti, Verna, ana bega kama mlango wa ghala;
goroli itabisha hodi tu.
Ya pili umbo la pia, ila ngumu,
imeyeyushwa kutoka vyuma vya kusawazishia magurudumu:
nilipoikwaruza, ukucha wangu ndio ulioumia.
Ya tatu ya pia nayo pia, lakini risasi tupu, laini,
na ukucha uliacha juu yake mwezi mwandamo.
"Hiyo. Inayokubali ukucha
itakubali mtutu."

Kukubali kwenyewe kuna daraja.
Tukafungua tako la mtutu, tukasukuma kipande cha risasi
kutoka mdomoni hadi nyuma,
kikatoka kimechorwa mifuo yote ya ndani
kama mtu aliyelalia mkeka.
Tukakipima. Nusu inchi na unywele.
Ule unywele tulibishana nao siku mbili.

"Ikiteleza yenyewe, usiiamini.
Ikidai nyundo, irudishe kwenye sufuria.
Itake dole gumba, kisha mdeki,
na mkono usiokasirika."
Akaipaka nta ya nyuki na shahamu ya kondoo,
akatanguliza kisahani cha sufu juu ya baruti,
akashindilia, akaacha mdeki umesimama ndani,
na pale ulipotokea mdomoni
akaukata kwa kisu, mkato mmoja.
"Hapa ndipo kwake. Akihama, utajua."

Habari ya vidole sikuuliza.
Ukutani kuna mtutu wa zamani usiouzwa,
una uvimbe katikati
kama koo la nyoka aliyemeza yai,
na yai lilipasukia ndani.

Siku ya nne, juu ya Kijito cha Birika,
nilikuwa nimeruka magogo asubuhi nzima,
gobore begani, mdomo chini kuukwepa mvua.
Akatoka.
Hatua sitini, pembe zimebeba ukungu,
akapiga ule mlio wake wa bawaba yenye kutu
hata tumbo langu likaitika.

Nilikuwa na bega lake lote.
Badala yake nilitoa fataki, taratibu,
nikaisimamisha bunduki, nikatelezesha mdeki.
Alama haikufika mdomoni.
Ilisimama juu, hewani, vidole viwili.
Risasi yangu ilikuwa imehama usiku bila kuaga,
na kati yake na baruti kulikuwa na chumba kitupu
kinachongoja kulipuka.

Nikaisukuma irudi kwake.
Mti ulinong'ona ndani ya chuma,
mnong'ono mdogo, wa mwizi jikoni,
lakini masikio ya wapiti hayalali.
Aligeuka bila haraka, akanionyesha matako meupe,
misonobari ikajifunga nyuma yake.
Nilikaa juu ya gogo. Nilitetemeka kwa baridi,
ndivyo nilivyojiambia.

Jioni nikampigia simu.
Babu hakuuliza pembe zilikuwa na matawi mangapi,
wala kama nililia.
Aliuliza: "Vidole vingapi?"
Nikamwambia.
Kimya. Nikasikia kikohozi chake, kiti kikiburutwa,
droo ikivutwa, vyuma vikigongana.
"Kuna kalibu nyingine humu," akasema,
"pana kidogo. Nusu ya unywele.
Usije kwa kukimbia, barabara ina barafu."